Jonah Apima Mashine ya Jirani

Kila alfajiri Jelagat alimkamua ng'ombe wake nyuma ya nyumba yao, ukingoni mwa Nakuru, karibu na mtaa wa Section 58. Mumewe Jonah alikunywa chai ya maziwa, kisha akaingia kwenye karakana yake ya useremala.

Jonah alitengeneza viti. Mgongo wa kila kiti aliuchonga maua kwa patasi. Kiti kimoja kilimlia asubuhi nzima.

Mwaka ule wa 1973, jirani yake Darweshi, fundi wa milango, alileta mashine. Ilikuwa na mkono mrefu wa chuma wenye ncha mbili. Ncha moja ilifuata maua ya ubao wa mfano. Ncha ya pili ilikuwa na kisu kilichozungushwa na mota, ikachonga maua yale yale kwenye mlango. Nguuu! Uji haujapoa, mlango umekwisha.

Tangu siku ile chai haikumshuka Jonah. Akisikia mota, msumeno wake unakwenda upande. Mteja akiingia kwa Darweshi, Jonah anamchungulia kwenye upenyo wa uzio wa mabati uliotenganisha karakana zao.

"Hata salamu yake siku hizi ina majivuno," alimwambia mkewe.

"Alisemaje?"

"Alisema, 'Habari ya asubuhi, Jonah.'"

Jelagat alicheka mpaka akaketi. "Kitendawili!"

"Tega."

"Nina mgeni. Namlisha kila siku, lakini ninayekonda ni mimi."

"Minyoo."

"Wapi! Nipe mji."

"Chukua Keringet."

"Keringet nimekwenda, nimekula viazi, nimerudi. Mgeni huyo ni wivu, mume wangu."

Jonah hakucheka.

Wiki ile chama cha ushirika cha Olenguruone kilimwagiza Jonah viti arobaini vya ukumbi wao. Maua yote yafanane, na viti viwe tayari kabla ya mvua ya Aprili. Jonah akishindwa, kazi itakwenda kwa Darweshi.

Ijumaa, Darweshi alipokwenda msikitini, Jonah alijipenyeza kwenye mabati na kamba mkononi. Akaipima ile mashine, akafunga mafundo kwenye kamba kuweka alama za vipimo, akarudi kwa mkewe akihema.

"Nataka kama ile, ila izidi futi mbili!"

"Futi mbili za nini?"

"Darweshi aione!"

"Na chuma utanunua na nini?"

Jonah alimtazama ng'ombe.

"Huyu nilikuja naye kutoka kwetu," Jelagat alisema polepole. "Ukimuuza, watoto wetu watakunywa turungi, chai bila maziwa. Twende kwanza kwa Mzee Gurdial. Akisema uko sawa, kamba ya ng'ombe nitaifungua mwenyewe."

Gurdial Singh alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika karakana ya reli. Sasa aliunda mashine za kuagizwa. Aliishika ile kamba yenye mafundo.

"Hii imepima nini, bwana?"

"Mashine ya Darweshi."

"Na mgongo wa kiti chako una urefu gani?"

Miaka tisa Jonah anatengeneza viti, hakuwa amejiuliza.

"Mashine inaanza na kazi," Gurdial alisema. "Pima kitu kikubwa kabisa unachochonga. Darweshi anachonga milango, lazima mkono uwe mrefu. Lakini mkono mrefu unatikisika. Ndiyo maana unataka chuma kizito na mota kubwa. Kiti ni kidogo. Mkono mfupi na mota ndogo vinatosha."

"Lakini yake ni kubwa, mzee."

"Haya. Leta chaki."

Walikwenda kwenye karakana ya Jonah. Gurdial aliichora chini ile mashine ya kuzidi futi mbili. Mstari ulipita chini ya meza ya kazi, ukatoka mlangoni.

"Na wewe utasimama wapi?" Jelagat aliuliza. "Kwa Darweshi?"

Sasa Jonah alicheka, ingawa kwa uchungu. Wakafuta, wakachora ndogo. Waliacha nafasi ya kusimama na ya kugeuza mbao. Swichi waliiweka mahali mkono unafika mara moja. Kisu wakakipangia kifuniko. Vumbi wakalipangia dirisha.

"Chaki inafutika," Gurdial alisema. "Chuma hakifutiki."

Kisha waliunda mfano kwa mabaki ya mbao. Jonah aliujaribu siku tatu, akaona swichi iko mbali, wakaisogeza. Ndipo Gurdial akakata chuma. Malipo ya awali ya ushirika yalitosha kulipia chuma na mota. Ng'ombe alibaki.

Mwisho wa Machi, viti arobaini vilipanda lori kwenda Olenguruone, maua yakifanana kama mapacha.

Siku chache baadaye Darweshi aliingia na vipande vidogo vya mbao. "Mashine yangu inaviharibu hivi, jirani. Mkono unatetemeka." Akaitazama mashine ya Jonah, mkono mpaka mota, kisha akaanza tena.

Jonah aliyajua macho yale. Aliwahi kuwa nayo.

"Simama hapa," alimwambia. "Usisukume. Fuata ua tu."

Darweshi alishika mkono wa mashine. Jonah alitamani Darweshi akosee, hata kidogo tu. Hakukosea. Ua lilitoka zuri sana, na Jonah akasema hivyo kwa sauti.