Msemaji wa Tullio

"Wifi, ile karatasi ya Tullio nimeshaisaini, anayo yeye. Mwambie Jumatatu aipeleke manispaa."

Nives aliusoma ujumbe huo mara mbili, mwiko wa ugali wa polenta mkononi. Akamsogezea Tullio simu.

"Karatasi gani hii anayosaini dada yako Ersilia?"

Tullio alikuwa anamenya maharage. Akaacha.

"Ya matibabu. Si daktari alisema akili itanitoka taratibu? Nimeandika mapema nisichotaka. Nikishindwa kumeza, nisilishwe kwa mpira wa puani. Na lazima awepo mtu wa kunisemea."

"Na mtu huyo ni Ersilia."

"Ndiyo."

"Miaka kumi na tisa nalala ubavuni kwako, Tullio! Ersilia anakuja Krismasi, anakula, anaondoka na mabaki!"

"Unamkumbuka Moro?"

"Mbwa anaingiaje hapa?"

"Alipofuka macho, akakataa chakula. Ukamlisha kwa kijiko miezi minne, analia, na wewe unasema kesho atapona. Nives, wewe hujui kuachia."

 Nives alikoroga polenta mpaka ikaiva, akazima moto, akaketi.

"Moro nilimkosea. Nilijua tangu wiki ya kwanza. Nilikuwa naiogopa nyumba bila yeye."

"Na mimi je?"

"Niulize."

"Siku nisipojua jina lako, nikafunga mdomo, daktari kashika mpira, utamwambia nini?"

Nives aliuweka mwiko mezani.

"Nitamwambia hapana. Nitakulowesha midomo kwa divai, nitakushika mkono. Nitalia, lakini nitamwambia hapana."

Tullio alimtazama sana. Kisha akaitoa mfukoni karatasi aliyosaini Ersilia, akaichana.

"Nenda kalete kalamu."

Jumatatu walikuwa manispaa, kwenye dirisha la kuandikisha vizazi, ndoa na vifo. Karatasi hizo nazo hupokelewa hapo hapo. Nives akasaini kwamba amekubali kumsemea Tullio, karani akagonga muhuri.

"Kuna lingine, mama?"

"Lipo. Ndoa nayo ni dirisha hili hili?"

Tullio akageuka.

"Wewe mwanamke! Mara ngapi nimekuomba, ukasema ndoa ni mambo ya watoto?"

"Basi leo naomba mimi. Unakubali au hukubali?"

"Nakubali, kabla hujabadilika!"

Karani akacheka. "Tangazo litabandikwa siku nane kwanza."

"Siku nane?" Tullio akajikuna kichwa. "Si nitakuwa nimesahau!"

"Sahau tu," Nives akamwambia, akimfunga kifungo cha koti. "Jina la bibi harusi nitakutajia mimi."