Tundu kwenye Jani la Kushoto

Kila asubuhi kabla ya chai, Penseli alichuchumaa barazani mbele ya mkebe wa maziwa uliojaa udongo, akachora mharagwe wake. Jina lake halisi lilikaa kwenye daftari la mahudhurio tu. Watu wote walimwita Penseli, kwa kuwa alikuwa msichana mwembamba, mrefu, na hakukosa penseli nyuma ya sikio. Katika chumba cha mbele cherehani ya mama ilikuwa imeshaanza kulia. Mdogo wake wa miaka mitatu, aliyebandikwa jina la Meneja kwa jinsi alivyowaamrisha wakubwa, alikuwa akigombana na kiatu chake.

Mwalimu wa sayansi ndiye aliyewaeleza habari yenyewe. Kila mwaka serikali hutoa Tuzo ya Taifa ya Sanaa na Sayansi. Hupewa watu wazima waliotunga, waliochora, waliogundua dawa au kubuni mitambo. Safari hii ilikuwa imeongezwa nafasi moja ya mwanafunzi.

"Panda mbegu, ichore kila siku kwa siku thelathini," mwalimu alisema. "Mkono uwe wa msanii, jicho liwe la mwanasayansi. Chora unachokiona, basi."

Penseli aliitaka tuzo ile mpaka akaiota. Alipanda mbegu mbili kwenye mikebe miwili, mmoja wa kuchora na mwingine wa akiba. Mharagwe wake ukachomoza ukiwa umeinama kama mtu anayetafuta sindano, ukanyooka, ukatoa majani mawili mapana. Siku ya kumi na nne kiwavi alitoboa jani la kushoto. Penseli akalichora na tundu lake, dogo, la mviringo, kama la kifungo.

Siku ya kumi na saba alitoka kuoga akamkuta Meneja amepanga vifuniko vya chupa chini.

"Karibu chakula, dada. Nimepika mboga."

Penseli alitazama ile mboga, akautazama mkebe. Lilibaki shina tupu, na chini yake zile nusu mbili za mbegu zilizonyauka.

Kazi yote ile! Aliusukuma mkebe nyuma ya pipa la maji asiuone tena, akauleta wa akiba, akachora. "Mharagwe ni mharagwe," alijiambia. "Nani atajua?" Lakini tangu siku hiyo kuchora hakukuwa na utamu. Alimaliza harakaharaka, kama mtu anayemeza dawa chungu.

Siku ya ishirini na nane mama alijifuta vidole, akaliomba daftari la michoro. Alilipitia ukurasa kwa ukurasa, taratibu, vile anavyokagua mshono kabla mteja hajafika.

"Penseli mwanangu," akasema, "siku ya kumi na tano tundu lipo. Kumi na sita, lipo. Kumi na saba, halipo. Limezibwa na fundi gani huyo? Nieleze anakaa wapi, maana nina gauni la mtu hapa limechanika."

Penseli alijaribu kucheka, machozi yakamtangulia. Akaeleza yote. "Sasa nikisema ukweli, mama, si nitaikosa tuzo?"

"Huenda ukaikosa," mama alijibu bila kumficha. "Lakini nenda kaulete mmea wenyewe, tuuone."

Nyuma ya pipa palikuwa na unyevu, kwani bomba lilivuja tone moja moja. Penseli aliinama, akapiga ukelele.

"Mama! Njoo! Una vichwa viwili!"

Kweli, juu kidogo ya zile nusu za mbegu vilikuwa vimechomoza vichipukizi viwili, kimoja huku, kimoja kule, vyenye majani mabichi yaliyojikunja.

Penseli alichora papo hapo, chai ikapoa. Kurasa za uongo hakuzichana. Juu ya kila ukurasa aliandika: "Huu ni mmea mwingine. Niliubadilisha kwa sababu niliogopa." Mwishoni akaongeza: "Mmea wa kwanza sikuuchora kwa siku kumi na moja. Kwa hiyo sijui vichipukizi vilitoka siku gani." Kesho yake alimweleza mwalimu mwenyewe, uso kwa uso. Mwalimu alilifunua daftari, kisha akasema, "Tutalipeleka hivihivi lilivyo."

Miezi miwili baadaye, katika ukumbi wenye mapazia mazito na viti vilivyovishwa vitambaa, mwenyekiti wa waamuzi alisimama. Alikuwa bibi mtaalamu wa mimea, miwani yake ikining'inia kwa kamba shingoni.

"Tumesoma madaftari mia tatu," alisema. "Maharagwe mia tatu, na karibu yote hayakupata taabu hata siku moja! Nikajiuliza, watoto hawa wanaishi peponi?" Ukumbi ukaangua kicheko. Ndipo akamwita Penseli.

Mama alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Penseli alipanda jukwaani. Yule mtaalamu alimvisha nishani, akainama wazungumze.

"Ulikosea, mjukuu wangu, tena sana. Siku kumi na moja zimepotea, hata tuzo hii haizirudishi. Lakini ulipoandika 'sijui', ndipo nilipoamini kila unachosema unakijua. Msanii na mwanasayansi hula kiapo kimoja: kuonyesha kilichopo, hata kama kinawaaibisha. Sasa panda mwingine, uuchume majani mwenyewe, uniandikie vichipukizi vinatoka siku gani."

"Nitaanza kesho, bibi!"

"Kesho Jumapili. Cheza kwanza na wenzako," bibi alisema huku akicheka. "Anza Jumatatu."