Gauni la Mzimu

"Umeniua mimi, halafu..."

"Sijaua mtu, niache nimalize..."

"Kiuno changu, mabega yangu, mpaka huu mkono wa kushoto uliopungua nusu inchi. Halafu unaniambia ni gauni la mzimu!"

Fundi cherehani alisimama katikati ya duka lake amevaa gauni jeupe la mtu mwingine. Huyo mtu mwingine, mwigizaji wa kuigiza mzimu, alikuwa kwenye stuli na poda nusu uso, anawatazama kama aliyekosea msiba. Gauni lilimgomea mabegani. Fundi akalijaribu mwenyewe kwa utani, likamkaa kama ngozi.

Vipimo vililetwa na mwongozaji wa filamu, mchumba wa fundi, aliyesimama sasa mbele yake. Kumbe hakupima mtu. Aliviandika kutoka kichwani.

Sasa pete ya uchumba ilikuwa juu ya cherehani, pembeni ya mkasi.

"Huyo mzimu wako anafanya nini?" fundi akauliza.

"Anabisha hodi kila jioni. Mumewe hafungui."

"Kwa nini?"

Mwongozaji akajikuna kisogo. "Sijui. Mimi sianzagi na mzimu, mpenzi. Naanza na watu wawili walionuniana. Mzimu anakuja mwenyewe."

"Kwa hiyo mimi ndiye nakusumbua mlangoni."

"Hapana, ni mimi. Ile wiki uliyozima simu nilipiga mara kumi na saba. Nikajiona mfu kabisa."

"Kama mzimu ni wewe, mbona gauni lina vipimo vyangu?"

"Hapo hata mimi nimechanganyikiwa."

"Dada," mwigizaji akasema taratibu, "nifute poda au nibaki nayo?"



"Nilizima simu kwa sababu hukuja kwa mama," fundi akasema. "Alikungoja mpaka akavua viatu vyake vipya. Akavirudisha kwenye boksi."

"Nilikuja. Gari la vifaa liliharibika, nikachelewa. Nilibisha sana, hamkufungua. Nikajua mmeshalala."

Fundi akaanza kuvuta uzi kwenye pindo, uzi ambao haukuwa na kosa lolote.

"Nilikusikia," akasema.

"Ulinisikia?"

"Nilikuwa nyuma ya mlango. Nimeshika kitasa."

"Sasa mbona hukufungua?"

"Sijui."

Wakatazamana. Ni neno lile lile alilolisema mwongozaji muda si mrefu, na halikumsaidia mtu.

Fundi akaingia nyuma ya pazia. Akatoka amevaa blauzi yake ya kazini, tepu shingoni, gauni mkononi. Akaichukua pete, akaishika bila kuivaa. Nje ilikuwa saa sita mchana, barabara imejaa watu.

"Vaa," akamwambia mwongozaji, akimtupia gauni.

"Nani, mimi? Litapasuka."

"Likipasuka, fundi si mimi? Vaa, utoke nje, nikufungie mlango. Halafu ubishe tena."