Abiria wa Mlango Uliobonyea

Asubuhi ile Héritière aliingia garini na begi lake la shule, lakini hakukaa katikati ya kiti cha nyuma alipozoea. Alijibana upande wa kulia mpaka bega likagusa kioo, akapakata begi, akasema kwa adabu, "Jambo, koko."

Koko kwetu Goma ni babu au bibi, na kila mzee wa umri wao. Masika, mama yake, aliyekuwa anafunga mkanda kiti cha mbele, akageuka. Nyuma hapakuwa na mtu mwingine.

"Unasalimia nani?"

"Koko wa gari."

"Koko gani wa gari?"

Mtoto akaonyesha nafasi tupu iliyo kando ya mlango wa kushoto, ule mlango uliobonyea. "Huyu. Anasema amechoka kungoja."

"Wacha mutoto acheze," alisema Paulin Kambere, baba mtu, akawasha gari. Masika akateremsha kioo. Alikuwa amesikia harufu ya maziwa yaliyoganda, na wao nyumbani hawanywi maziwa.

Sasa nikueleze habari ya mlango huo, maana balaa lote liliingilia hapo, na aliyelifungulia ni Paulin mwenyewe. Usimwonee huruma mapema.

Paulin ni mtu wa Butembo kama mkewe, na hapa Goma, mtaani Ndosho, anauza rangi na misumari. Alijinyima miaka mingi, akala sombe kavu, majani ya muhogo matupu, na kutembea kwa miguu, mpaka akapata gari lake jeupe. Goma yetu hii ya vumbi jeusi la volkano, mtu ananunua gari jeupe! Alikuwa analiosha asubuhi na jioni, na ole wako uliegemee. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haki zake, na watu wa namna hiyo wanachosha kuliko wabaya.

Siku ile alikuwa ameliegesha mbele ya duka, pembeni kabisa mwa barabara. Ukapita msafara wa mazishi, vijana wa pikipiki mbele wakipiga honi, na nyuma yao pikapu iliyobeba jeneza. Ndani ya jeneza alikuwamo mama mzee Nyirarukundo, mtu wa milima ya Masisi, aliyekimbia vita akafia mjini mbali na ng'ombe zake. Chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, yenye magunia ya makaa ikachomoka kichochoroni. Dereva wa pikapu akakwepa, na ubavu wa bampa lake ukaukwangua mlango wa nyuma wa gari la Paulin, krrr, ukaubonyeza. Dereva mwenyewe, kijana aliyeitwa Valentin, mpwa wa marehemu, akatoa mkono dirishani, akaupunga kidogo, akaendelea.

Mtu mwenye akili angeng'ata ulimi. Ndosho nzima inajua kwamba msafara wa maiti haukatwi na jeneza halisimamishwi njiani. Aliyeanza safari ile apelekwe moja kwa moja, kwa sababu ukimsimamisha katikati hatajua kama amefika au bado. Hata mapolisi wa barabarani huwa wanapisha. Paulin alitoka dukani mbio, akasimama mbele ya pikapu, akaweka mikono miwili juu ya boneti.

"Shuka!"

"Papa, tuko na maiti," alisema Valentin.

"Maiti njo imenigonga? Shuka uone kile umefanya! Shuka useme pardon!"

"Tutaongea kisha kuzika."

"Hapana! Hakuna mwenye atapita hapa. Shuka!"

Wanawake wakamsihi. Papa, tafazali. Papa, mvua inakuja. Paulin hakutaka kulipwa franga, hilo lazima niliseme. Alitaka neno moja tu la samahani, pardon, na kijana Valentin, mwenye kiburi cha kuku aliyeshiba, alikuwa radhi kukaa pale mpaka kesho kuliko kulitamka. Mvua ikaja kweli. Maua ya plastiki juu ya jeneza yakaanza kuchuruzika rangi, wanawake wakilia, na yule mzee wa watu amelala pale katikati ya barabara anasikiliza magomvi ya bampa.

Mwishowe akateremka mama mmoja aliyeitwa Annonciata, dada yake marehemu. Aliweka kiganja juu ya jeneza, akakaa hivyo kwa muda. Kisha akamtazama Paulin, halafu akautazama mlango wa gari jeupe.

"Papa, wacha kusema shuka," alisema polepole. "Ameisha shuka."

Watu wakadhani ni uchungu wa msiba, wakamvuta Paulin pembeni na msafara ukapita. Wabebaji peke yao ndio walioelewa, walipofika makaburini na kukuta jeneza jepesi kama sanduku tupu.

Fundi wa kunyoosha mabati, jirani yao pale pale Ndosho, alisema kazi hiyo ni ya mchana mmoja. Paulin akakataa. Mlango haukufunguka tena, ulikuwa umejikaza, lakini alisema huo ni ushahidi, na utanyooshwa siku Valentin atakapokuja kuomba pardon kwa miguu yake. Kila mteja aliyefuata msumari alionyeshwa kwanza mlango. Watu wakaanza kununua misumari kwingine.

Baada ya mtoto kusalimia kiti, mambo yakaanza kuonekana hata kwa mtu mzima. Gari likawa linainama nyuma upande wa kushoto, kama limekaliwa na mtu mnene. Harufu ya maziwa ikaongezeka, pamoja na tumbaku na blanketi lililonyeshewa. Jioni moja, wakiwa wanakula mezani, taa ya ndani ya gari ikawaka kule uani, halafu wakasikia mkanda wa kiti unavutwa, zzzp, na mtu akakohoa kile kikohozi cha adabu cha mgeni anayekumbusha kwamba bado yupo.

"Umesikia?" Masika alinong'ona.

"Ni paka," alisema Paulin, akaendelea kula.

"Paka anafungaka mukanda?"

Kikundi cha maombi kikaja, wakaimba, wakalizunguka gari na maji ya baraka, na walipomaliza ile taa ikawaka tena, ikawangoja waondoke. Hayo yote Masika angeyavumilia. Asichoweza kuvumilia ni mtoto. Héritière aliacha kula. Mkono wake wa kushoto ulikuwa wa baridi tangu anapotoka shule mpaka analala, na ulipoushika ulikuwa umekunjwa kama umeshikwa na mtu mwingine. Alianza kuimba kidogo kidogo akiwa anavaa viatu, wimbo wa kuitia ng'ombe, kwa Kinyarwanda, lugha ambayo mle nyumbani haijui mtu hata mmoja. Kila siku alikuwa mwepesi zaidi kubeba, na macho yake yalikuwa yanaangalia mbali, kule milimani.

Masika akamfuata mume wake dukani.

"Papa Héritière, chagua. Mulango ao mutoto."

"Kosa si yangu! Mimi njo niligongwa!"

"Sikuuliza kosa ni ya nani," alisema Masika. "Mutoto wetu anaenda. Wewe unanihesabia makosa."

Akalia pale pale mbele ya makopo ya rangi. Paulin, hata yeye, aliinamisha kichwa. Jioni ile walikwenda wote wawili kwa Annonciata.

Mama yule hakuwa mganga na hakutandika shuka wala kuchoma chochote. Aliwapa vigoda, akamsikiliza Masika mpaka mwisho.

"Dada yangu iko mutu ya heshima," alisema. "Mulisema ashuke, akashuka. Akaingia mu ile mulango yenye ilifunguliwa na ajali. Sasa anataka kutoka kwenye aliingilia, na ile mulango, papa, wewe umeifunga na kasirani yako."

"Nitaita fundi kesho."

"Si nyundo. Umupeleke makaburi. Mutoto awe naye, juu ya vile dada anamushika mukono, hawezi kwenda bila kumuaga. Ukifika, sema mambo tatu: umeacha gari, umeacha mulango, umeacha Valentin. Sema na roho."

"Na nikisema na kinywa tu?"

Annonciata alimtazama sana. "Mulango itafunguka tu. Lakini atashuka mwenye hakuitwa."

Walikwenda mchana wa siku iliyofuata. Mlima Nyiragongo ulikuwa umejifunika wingu, na makaburi mapya yalikuwa yamejipanga juu ya mawe meusi. Paulin akaegesha karibu na kaburi la Nyirarukundo. Masika akateremka, akaenda kusimama na Annonciata kichwani pa kaburi, na hao wawili wakaanza kuimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya chini. Mtoto alibaki kwenye kiti, amejibana kulia, mkono wake wa kushoto umelala juu ya nafasi tupu.

Paulin akazunguka, akaweka kiganja juu ya mlango uliobonyea. Bati lilikuwa la baridi ingawa jua lilikuwa linawaka.

"Nimeacha gari," alisema, na alisema kweli, kwa sababu wakati ule gari lile angelisukuma ziwani kwa mikono yake.

"Nimeacha mulango." Hilo nalo lilikuwa kweli.

Ndipo akainua macho, akamwona Valentin, aliyekuwa amemleta shangazi yake pamoja na msalaba wa kaburi, ameegemea pikapu yake hatua chache tu kutoka pale, simu sikioni, anacheka, anacheka hasa, mdomo wazi, na kwenye bampa alilolikanyagia kiatu bado kulikuwa na mstari wa rangi nyeupe ambao hakuona haja hata ya kuufuta, na Paulin akasikia kitu cha moto kikimpanda kutoka tumboni, akamkumbuka mtoto, akakimeza, kikapanda tena, akasikia ndani ya gari ule mkanda ukiachia, na harufu ya maziwa ikamjaa puani mpaka macho yakamtoka machozi, na hewa iliyomzunguka ikapoa, na wale kina mama wakanyamaza kuimba wakamtazama yeye, wanangoja, naye akafumbua midomo na meno yameumana.

"Nimeacha Valentin," alisema. Moyoni alisema, Mbwa wewe, nitakukamata siku moja.

Mlango ukafunguka. Haukukwaruza wala kulia, ulifunguka tu, mlango ambao watu wazima walikuwa wameuvuta wakashindwa. Kitu kikampita Paulin, chepesi, kikamgusa pajani, na juu ya kokoto akasikia nyayo ndogo zinazokwenda haraka haraka. Gari likainuka kidogo. Yeye alikuwa bado anamtazama Valentin.

"Ameenda?" aliita Masika.

"Ameenda! Mulango imefunguka!"

Masika akaja mbio, akachungulia, akamwona Héritière amekaa ametulia, akamshika mkono wa kushoto. Ulikuwa wa moto. Akapiga vigelegele pale makaburini bila aibu. Annonciata hakupiga. Alikuwa ameinama anaangalia kokoto, na walipomuaga aliitikia bila kuinua kichwa.

Walipokuwa wanateremka kwenda mjini Masika aliongea bila kupumua. Atampikia mtoto fufu na sambaza, wale dagaa wa ziwani. Atamnunulia viatu. "Umesema muzuri, Papa Héritière. Nilikuwa na woga, lakini umesema na roho." Paulin aliitikia mm, mm. Kuna jambo lilikuwa linamsumbua. Kila wakivuka jiwe, tumbo la gari lilikuwa linagonga chini, nyuma, upande wa kushoto.

Akaangalia kioo. Héritière alikuwa amehama. Alikuwa amekaa kando ya mlango uliobonyea, mgongo umenyooka, mikono miwili juu ya magoti, anatazama nje kama mtu anayepita mji asioujua. Alipoona anaangaliwa, akakohoa kidogo kwa adabu.

"Pardon ya gari, mwanangu," alisema. Sauti ilikuwa nzito, ya kukwaruza, sauti iliyovuta tumbaku tangu ujana. "Valentin hana adabu, tulimulea vibaya. Mimi njo naomba pardon kwa ajili yake. Sasa tuende nyumbani. Nilichoka kungoja."

Basi Paulin akawa amepata pardon yake.

Masika alirudi Butembo na huyo mtoto, kwa sababu mwili ni wa mwanawe na mama hatupi mwana. Wanasema anakula vizuri. Anakaa chini miguu imenyooshwa, anaomba maziwa yaliyoganda, na Masika akimwita Héritière haitiki mpaka amwite mama.

Na Paulin? Duka amelifunga. Ukipanda ile barabara ya makaburini alasiri yoyote utaliona gari lake, halioshwi tena, limekuwa jeusi la vumbi kama mawe yenyewe. Limeegeshwa vibaya, nusu barabarani, mlango wa nyuma wa kushoto umeachwa wazi, na yeye amesimama kando anaita jina la mwanawe kwa sauti ndogo, ile sauti ya kumwamsha mtoto aende shule. Magari yanalikwangua kila siku. Wiki iliyopita pikapu iliupiga ule mlango ukapinda kabisa, na dereva, kijana mwenye malezi, akasimama, akashuka, akavua kofia.

"Papa, pardon! Pardon sana! Nitatengeneza!"

Paulin hakuutazama mlango. Alikuwa anaangalia kokoto.

"Pita, mwanangu," alisema. "Usisimame hapo. Unafungia mutoto njia."