Muuza Oili na Chapchap

Jumamosi duka la spea hujaa hadi mlangoni, na siku hiyo kijana mmoja mrefu aliingia akipenyeza mabega katikati ya wateja, koti jeusi la ngozi mwilini, helmeti kwapani, harufu ya petroli na manukato zikigombana. Binti aliyeuza oili nyuma ya kaunta alimwona tangu mlangoni. Akajifanya hajamwona.

"Dada, nipe ile ya bei kubwa kuliko zote."

"Ya gari gani?"

"Gari? Hukuisikia pikipiki yangu? Mtaa mzima umeisikia!"

"Nimeisikia. Inapiga kelele kama mwenyewe." Wateja wakaangua kicheko. "Hiyo oili ni ya magari, kaka, imetiwa dawa ya utelezi. Klachi ya gari iko kavu, mbali na oili ya injini. Yako inaogelea humohumo. Ukiiweka hiyo, klachi itateleza, injini ilie na pikipiki isiende."

"Na bei yote hiyo?"

"Kiatu cha bei kubwa kisichokutosha kitakubana tu. Kitabu cha pikipiki kinasema uweke oili ya unene gani?"

"Kitabu? Nilikitupa pamoja na boksi."

"Bahati yako mimi nimekisoma." Akamtolea kopo jekundu. "Hii ni ya pikipiki za mbio. Asubuhi injini ikiwa baridi inapita haraka, na ikichemka haigeuki maji."

Kijana aliondoka akitazama nyuma, nusura agonge mlango. Rafiki zake walimwita Chapchap, maana kila kitu alikifanya mbio: kuendesha, kucheka, kukasirika. Kupenda nako hakukuchelewa. Jioni simu ikalia.

"Halo, mrembo wa oili."

"Namba umeipata wapi?"

"Iko kwenye risiti."

"Hiyo ni namba ya duka."

"Basi naomba niongee na duka."

Alicheka, jamani, na mwanamke akishacheka hivyo kwenye simu, kazi imekwisha. Tangu hapo ikawa "umekula, laazizi?" asubuhi na "lala salama, roho yangu" usiku. Jumapili alipanda nyuma yake, gauni la kijani amelibana magotini, kifua chake mgongoni kwa Chapchap, akitamani barabara isiishe.

Ilipofika siku ya mashindano makubwa ya pikipiki, ambayo Chapchap alishiriki, binti alishindwa kwenda kwa sababu duka lilikuwa wazi. Aliisubiri simu tangu asubuhi. Ilipolia, aliinyakua.

"Umeniuzia nini?" Sauti ya Chapchap ilikuwa ngeni. "Nimekuwa wa mwisho. Injini inalia, pikipiki haiendi. Ulinieleza mwenyewe oili ya gari hufanya hivyo, kisha ukaniuzia hiyohiyo!"

"Mimi? Mpenzi, nisikilize..."

Simu ikakatwa. Alipopiga tena, haikupatikana. Akapiga kesho yake, ikaita mpaka ikanyamaza. Hapo akaapa hatapiga tena. Afadhali angemwita mchoyo au mwenye wivu. Lakini kumwambia kwamba amemuuzia oili mbaya mtu anayempenda! Hilo lilimchoma hadi mfupani.

Kuapa ni rahisi, kusahau ndiyo kazi. Wiki zikapita, na masikio yake hayakutulia. Kila pikipiki kubwa ikipita mtaani, mikono yake ilisimama juu ya kaunta mpaka ajue kwamba siyo ile. Usiku aliliweka gauni la kijani karibu na mto, likamnukia petroli, akalia.

"Mwanangu," shangazi yake, mwenye duka, alimwambia, "leo umempa mteja grisi badala ya oili. Mpigie huyo kijana au msahau, ila dukani kwangu chagua mojawapo."

"Simpigii, Shangazi. Kosa si langu."

"Nani amekuuliza kosa? Nimekuuliza kama unampenda."

Binti akashika kitambaa, akaanza kufuta kaunta. Jibu shangazi alilijua.

Aliyekuwa akisikilizwa akaja bila sauti. Mchana mmoja binti aliinua macho akamkuta Chapchap mlangoni, jasho linamtiririka, ameisukuma pikipiki toka kwao. Alikuwa amekonda. Moyo wa binti ukaruka, uso akaukaza.

"Karibu. Unataka oili gani?"

"Lile kopo ulilonipa siku ya kwanza, sikulitupa," alisema, wateja wote wakisikia. "Lilipokwisha nililiweka juu ya rafu gerejini, nilitazame. Kaka yangu akaona kopo tupu, akamiminia humo oili iliyobaki ya gari lake. Siku ya mashindano nina haraka, nashika kopo lako, naona lina oili, nikadhani nilibakisha, nikamimina. Jana ndipo ameniambia. Nisamehe, mpenzi wangu."

Hasira ya kopo iliyeyuka palepale, kwani nani hutunza kopo tupu kama si mtu aliyependa? Lakini palibaki donda jingine.

"Oili tutaimwaga," binti alisema, "na pleti za klachi zikiwa zimeungua tutazibadilisha. Kinachoniuma, ulinihukumu ukakata simu. Ungeniuliza tu! Neno moja! Unajua nimelala vipi siku zote hizi?"

"Najua. Na mimi sikulala." Akaisogelea kaunta, sauti imemshuka. "Basi leo nakuuliza, na nitasubiri mpaka umalize kunijibu. Utakubali nikuoe?"

Shangazi akaacha kuhesabu plagi.

"Bado nina hasira," binti alisema. "Kaa pale. Nina wateja."

Chapchap akakaa juu ya dumu tupu pembeni. Yeye asiyeweza kusubiri hata taa za barabarani alikaa mchana kutwa, magoti juu, watu wakimkwepa. Binti aliuza oili, akageuka, akamkuta yupo. Akauza tena, akageuka, yupo. Kila alipogeuka kitu kilichokaza kifuani kililegea kidogo, mpaka akaona haya kwa kugeuka mara nyingi namna hiyo.

Jioni alipofunga duka alimfuata, akampangusa jasho kwa kiganja, akamwambia ndiyo.