Ukuta Uliofutwa

Kila Jumamosi, akishafagia nywele katika saluni ya mama yake, Héritière alikwenda mbio hadi ukumbi wa kanisa katika mtaa wao wa Yeoville. Huko Mwalimu Salum, Mtanzania mpole asiyependa mzaha kazini, aliwafundisha watoto kuchora ramani ya mtaa wao kwenye kompyuta. Walitazama picha iliyopigwa kutoka angani, wakachora nyumba, kuta na vichochoro, kisha ramani ikaingia kwenye simu za majirani. Sharti lilikuwa moja: usichokiona kwa macho yako, usikithibitishe.

Jumamosi moja ya Julai, baridi ikipenya hadi kwenye mifupa, Héritière alikuwa akimalizia kichochoro kinachoelekea zahanati. Programu ikamwekea alama nyekundu: njia yake ilikata ukuta uliochorwa na mtoto mwingine. Kwenye picha hapakuwa na ukuta. Lakini picha yenyewe ilikuwa ya miaka mingi iliyopita, na hilo Héritière alilijua vizuri. Kwenda kuhakikisha ni mwendo wa dakika kumi tu, ila wenzake walikuwa wameshaanza kunywa chai. Akaufuta ukuta. Alama nyekundu ikatoweka, naye akabonyeza "Nimethibitisha".

"Umefika huko mwenyewe?" Mwalimu aliuliza.

"Ndiyo, Mwalimu." Uongo mkavu, bila hata kupepesa macho.

Wiki mbili baadaye, mchana kweupe, jirani yao mzee Zephania, fundi cherehani, alibanwa na pumu. Alihema kwa shida, midomo ikabadilika rangi. Ambulensi iliitwa, haikutokea. Vijana wawili wakambeba kwenye kiti, mkewe, Bibi Melania, akitangulia na simu mkononi. Héritière akafuata nyuma.

"Tupite hapa!" Bibi Melania alisema. "Ramani inaonyesha ni karibu."

Héritière alipoona wanakata kushoto, alijua ni kile kichochoro alichokichora. Alitaka kuwaonya, lakini akaendelea kufuata. Mwisho wa kichochoro walikuta ukuta mrefu, juu umepandwa vipande vya chupa.

"Eish! Hakuna njia hapa, Mama!" kijana mmoja alifoka.

Wakarudi, wakazungukia barabara kubwa. Mzee Zephania alikata roho mlangoni mwa zahanati.

Msibani Bibi Melania alirudia maneno yale yale. "Mimi ndiye niliyewapitisha kule. Barabara kubwa naijua. Ni mimi." Wanawake walimbembeleza, hakusikia. Héritière alikuwa akiwagawia waombolezaji chai, Mwalimu Salum akiwa miongoni mwao. Hakuna aliyejua alichofanya, na angeweza kunyamaza maisha yake yote. Lakini kumwona bibi wa watu akijitwisha lawama isiyo yake kulimshinda. Akaweka birika chini, akapiga magoti.

"Bibi, ukuta niliufuta mimi. Sikwenda kuangalia. Nilimdanganya Mwalimu."

Mama yake alijifunika uso kwa kitenge kwa aibu.

"Huenda angepona, huenda asingepona," Bibi Melania alisema. "Hatutajua kamwe, na wewe utaishi na hilo kama mimi. Sitakwambia ni jambo dogo. Je, kuna kwingine ulikothibitisha bila kufika?"

Héritière aliinamisha kichwa. "Kupo, Bibi. Vichochoro vinne."

"Basi nendeni sasa hivi. Mwalimu, mpeleke."

Walikwenda kichochoro kimoja baada ya kingine. Viwili vya kwanza vilikuwa wazi. Cha tatu kilikuwa kimefungwa kwa geti la chuma, lenye kufuli na kutu. Héritière alilishika lile geti, akalia hadi akaishiwa pumzi. Mwalimu Salum hakumkataza.

"Kompyuta ilikuonya, ukainyamazisha ili kazi ionekane imekwisha," alisema alipotulia. "Kazi ya uongo haiishii kwenye kompyuta, mwanangu. Iko siku mtu ataiamini, na atakuwa amembeba mgonjwa."

Akampa simu. Héritière alijifuta machozi, akaandika: "Geti limefungwa. Hakupitiki." Kisha akauliza cha nne kiko upande gani.