Tone Jekundu Kwenye Kona

Simu ilitetemeka mara moja.

“Nguo zimekauka,” alisema Kanali Lartey.

“Nianue?”

“Anua. Lakini zisichanike, Adwoa. Namtaka mzima.”

Adwoa Sarbah alikata simu. Mzima! Nani alimwacha Fiifi mzima?

Alikuwa amesimama mtaa wa Kokomlemle, mbele ya duka la picha la Ebo Quaynor, saa nne na nusu asubuhi ya Jumamosi. Amejifunga kitambaa cheusi na chekundu cha msiba. Chini ya kitambaa, kiunoni, bastola ya Glock 19. Saa nane alitakiwa kuwa makaburini kumzika kaka yake, ambaye alikuwa pia jasusi mwenzake kwenye msako wa dhahabu ya magendo. Wiki tano Fiifi amelala mochwari, na wiki tano hizo Adwoa hajalala.

Alisukuma mlango, akaufunga kwa ufunguo nyuma yake.

Ebo aliinua kichwa kutoka kwenye kompyuta, kalamu ya kidijitali ya Wacom mkononi. Mtu mnene, mchangamfu, shati limepigwa pasi.

“Anti Adwoa! Pole tena na msiba. Bango la marehemu limefika? Mama kalipenda?”

“Amelia nusu saa.”

“Ah, ndiyo kazi yangu hiyo. Napiga picha, naipitisha kwenye programu, inatoka kama imechorwa kwa rangi za maji. Marehemu lazima apendeze kuliko alivyokuwa hai!”

“Nimekuja na swali moja, fundi. Mama alikuletea picha gani?”

“Ile ndogo ya pasipoti.”

“Iliyofifia. Yenye masikio.”

Ebo alicheka. “Masikio yale! Mungu amrehemu.”

“Sasa mbona kwenye bango amevaa shati la manjano?”

Kicheko kilikatika.

“Shati lile nilimpa mimi,” alisema Adwoa. “Siku ya kuzaliwa kwake, saa moja asubuhi. Saa sita kasoro dakika kumi walimpiga risasi barabarani. Hakuna ndugu aliyempiga picha siku ile. Hakuna!”

Mkono wa Ebo uliteleza chini ya meza.

Adwoa alikuwa mwepesi zaidi. Kiti kiliruka, meza ikayumba, bastola ndogo ya Ebo ikabiringika hadi chini ya printa. Alipojaribu kuinuka, mdomo wa Glock ulikuwa kwenye paji la uso wake.

“Kaa, baba. Tuongee kazi.”

Alichomeka kidude cha kumbukumbu kwenye kompyuta. Bango la Fiifi likafunguka.

“Mwenye mashine ya mabango alikuomba faili kubwa ili picha isipasuke. Ukampa zima, na tabaka zake zote za mchoro, moja juu ya nyingine, naye akanipa mimi. Uvivu, Ebo. Uvivu utakuua.”

Alianza kuzifumba tabaka moja moja. Karatasi yenye chembechembe ikaondoka. Madoa ya rangi yaliyotapakaa pembeni yakaondoka. Kivuli cha ukungu kikaondoka. Chini kabisa ikabaki picha yenyewe, kavu, iliyopigwa kwa lenzi ndefu kutoka mbali: Fiifi anavuka barabara, anacheka na muuza machungwa. Saa iliyoandikwa na kamera: saa tatu na dakika arobaini na mbili.

Alikuwa amebakiwa na saa mbili na dakika nane.

Adwoa alimpenda yule mjinga mwenye masikio makubwa kuliko kitu chochote duniani.

“Na hii ndiyo inayonichoma zaidi,” alisema. Alifumbua tabaka ya mwisho, ile ambayo Ebo aliificha tu bila kuifuta. Kwenye kona ya chini ya picha likatokea tone jekundu. “Hukuichora kwa ajili ya msiba. Uliichora ili auawe. Ukaitundika kwenye ukurasa wako, watu wakaona sanaa, wauaji wakaona tone. Mahali na saa vikiwa chini, eti tangazo la maonyesho. Halafu mama yangu alipokuja analia, ukaficha tone ukampa kazi ile ile!”

“Picha ya pasipoti ilikuwa mbovu,” Ebo alinong’ona. “Isingekuzwa. Mimi siwezi kutoa bango baya.”

Adwoa alikaribia kuvuta kifyatulio. Kidole kilikuwa tayari.

Kisha macho yake yakaangukia kioo cha pili cha kompyuta. Mchoro mpya, bado mbichi. Uso wa Bi Dede Narh, ofisa wa forodha wa bandari ya Tema. Tone kwenye kona.

“Wauaji wanakujua sura?”

“Hapana. Wanaujua ukurasa tu. Ndivyo wakubwa walivyotaka, tusijuane.”

“Vizuri sana.”

Aliinua simu yake, akampiga Ebo picha. Mdomo wazi, jasho usoni.

“Mfute Bi Dede. Nichoree huyu.”

“Anti—”

“Chora! Na apendeze.”

Ebo alichora. Fundi ni fundi. Akalainisha mashavu, akamwaga buluu begani, akatandika karatasi juu. Uso wake ukayeyuka vizuri kabisa. Kwenye kona Adwoa akaweka tone kwa mkono wake mwenyewe. Chini akaandika jina la duka. Saa tano na nusu.

Akabonyeza. Ikaruka hadi kwenye ukurasa wa Ebo.

“Mwosha huoshwa, fundi.”

“Nikamate! Dada, nakuomba, nikamate sasa hivi!”

“Dhahabu iko wapi?”

“Tema! Ndani ya fremu. Fremu za picha za maonyesho ya nje ya nchi, mbao juu, dhahabu ndani. Kontena la kijani, ghala la saba, meli inang’oa nanga saa kumi. Kila kitu nimesema, nitoe hapa!”

Adwoa alipiga simu. “Kanali, ghala la saba, kontena la kijani. Bi Dede apewe walinzi. Na wageni wangu wanakuja dukani.”

“Wageni gani?”

“Utawaona.”

Saa tano na dakika ishirini na tano pikipiki ya Yamaha ilisimama nje. Watu wawili. Wa nyuma aliingiza mkono kwenye koti.

Gari mbili za Hilux zikawabana. Vijana wa Kanali wakawalaza kifudifudi kabla hata kofia hazijavuliwa. Hakuna risasi iliyolia. Ebo alikuwa chini ya meza, analia kama mtoto.

“Wauaji wako wangapi jumla?” Adwoa aliuliza.

“Wanne.”

“Wamebaki wawili, basi.”

“Ifute ile picha! Huko jela kuna simu, wataniona! Anti Adwoa, ifute!”

Adwoa alikuwa anajifunga upya kitambaa chake cha msiba. Kwenye mkoba aliitoa ile picha ndogo ya pasipoti, imefifia, masikio yamechomoza. Ndiyo ambayo angeiweka juu ya jeneza leo.

“Futa tafadhali!”

“Nitafutaje?” alisema, akiufungua mlango. “Picha nzuri namna ile.”

Akatoka kwenye jua, akapungia teksi. Mama alikuwa anamngoja.